Mgeni Hajaagwa

Nyumba yetu ya Mlingotini ina baraza mbili, ya mbele na ya uani, na kwa miaka yote niliyowalea wadogo zangu hakuna aliyekaa baraza ya uani saa za alasiri. Hatukuwahi kukubaliana hivyo. Mkeka ulitandikwa mbele, chai ilinywewa mbele, mwenye nguo za kuanua uani alizianua akaondoka. Mdogo wangu wa kike, ambaye ulimi wake haujui kupumzika, alikuwa akisema, "Tumwachie mwenyewe nafasi yake," kisha anacheka, kisha kicheko kinamwishia.

Mwenyewe huyo ni mgeni wa mama.

Mama alikuwa kiti. Huku pwani mtu anayepandwa na pepo huitwa hivyo, kwa sababu pepo huja akamkalia. Nyumbani hatukutaja neno pepo, tulisema mgeni. Mgeni wa mama alikuwa mpole. Alipenda marashi na kahawa chungu, na akifika aliwauliza watu hali zao mmoja mmoja kwa sauti ndogo isiyokuwa ya mama. Aliitwa mara moja kwa mwaka, uani kwa bibi mmoja aliyekuwa fundi wa ngoma za kuita wageni hao, na aliyemwita alikuwa baba kwa zumari yake. Kila mgeni ana wimbo wake, na huu baba aliutunga mwenyewe alipokuwa kijana, kabla hajamposa mama. Watu walimtania kwamba alimwoa mgeni kwanza, mke akampata baadaye. Wapo waliosema kuwa mambo hayo ni haramu. Baba hakubishana nao. Aliswali swala zake zote msikitini, akarudi, akafuta zumari yake kwa kitambaa.

Wimbo ule una sehemu mbili, ya kuita na ya kuaga. Ya kuita inapanda, ya kuaga inashuka, na haipigwi moja bila ya nyingine. Mgeni aliyeitwa lazima aagwe, kama mgeni yeyote wa watu. Na lazima nieleze jambo moja kuhusu zumari kwa asiyewahi kuiona ikipigwa. Mpigaji hakati sauti ili avute pumzi. Anajaza mashavu, anavuta hewa kwa pua huku mashavu yakisukuma ile iliyomo, na sauti inakwenda mfululizo mpaka atakapotaka yeye. Ukiizoea, unaisahau kama unavyosahau upepo. Inaponyamaza ghafla ndipo unaposhtuka.

Siku mama alipofariki, zumari ilinyamaza katikati.

Ilikuwa alasiri, uani kwa bibi, watu wamejaa. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka shule na sare yangu, nimempakata kitinda mimba wetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza maneno. Baba alianza kuita. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, kanga mpya imemfunika kichwa. Baada ya kitambo akatikisika, akainama mbele, akaanguka ubavu. Sisi tulijua maana yake. Mgeni kafika. Kina mama wakapiga vigelegele. "Karibu, karibu! Karibu mgeni, umetufikia!" Wakamnyunyizia marashi. Mimi nilipiga magoti pamoja na wengine nikamwambia, "Shikamoo, mgeni," nikasubiri marahaba. Alikuwa na kawaida ya kuwaitikia watoto kwanza.

Baba akaendelea kupiga, kwa nguvu zaidi, akimbembeleza aseme.

Bibi ndiye aliyemshika mama miguu. Akaishika muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono juu kumwelekea baba, kiganja wazi, na zumari ikakatika. Sijapata kusikia kimya kama kile. Moyo, walisema hospitali ya wilaya. Lakini sisi tulikuwa tumemkaribisha mtu, tumemsalimu na kummwagia marashi, na aliyekuwa anaondoka mbele ya macho yetu hatukumuaga.

Baba hakuitia zumari mdomoni tena. Aliifunga ndani ya ile kanga ya mama, akaiweka kwenye sanduku chini ya kitanda, na mwaka uliofuata naye akamfuata mkewe, kwa homa ambayo mtu mwenye hamu ya kuishi angeishinda. Mimi nikaacha shule, kidato cha pili. Nikaingia kwenye kilimo cha mwani na wanawake wengine wa kijiji, nikajifunza kufunga vipando kwenye kamba na kufuata maji. Maji yakitoka alfajiri, unatoka nayo alfajiri. Yakitoka adhuhuri, jua ni lako.

Hitima ya baba ilipokwisha, bibi alikuja kuniona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuja na neno zito."

Akanieleza kwamba mgeni hajaondoka, kwa kuwa hakuagwa, na kwamba kwa desturi akikosa kiti humtazama mtoto wa kike mkubwa. Kwa hiyo ananitazama mimi.

Nikamwambia, "Bibi, kiti hiki kina watoto wawili wamekikalia tayari. Hakina nafasi."

Alicheka mpaka akafuta machozi. "Basi atangoja. Wao wana subira kutushinda. Ila ushike hili: wimbo wake ndio mlango wake. Usiuimbe."

Sikuuimba. Nilikuwa naujua wote, kuita na kuaga, kama unavyoujua mlio wa kisima cha kwenu, na sikuuimba, si jikoni, si majini, si wakati wa kumbembeleza mtoto. Ukinijia kichwani nilihesabu vigingi vya shamba la mwani mpaka utoke. Na mgeni akangoja. Sina namna nyingine ya kueleza ile baraza ya uani. Bibi alishafariki, watu wengine wakasahau, lakini alasiri, kivuli cha ukuta kilipofika kwenye ngazi, sisi watatu tulijua kuna mtu ameketi.

Basi fikiria hali yangu nilipomkuta kitinda mimba, akiwa na umri wa kuanza madrasa, amekata bua la jani la mpapai, amelitoboa matundu, anapuliza uani kwa mashavu yaliyovimba, wala havuti pumzi kwa mdomo. Hakuna aliyemfundisha. Nilimnyang'anya. Kesho yake alikuwa na jingine, na mipapai haiishi.

Nilipoona siwezi, nilimpeleka Kaole kwa mzee mmoja aliyekuwa akipokezana zumari na baba kwenye harusi, nikamwomba amfundishe nyimbo za harusi, hukohuko Kaole, na zumari isiletwe kwangu. Mzee akakubali. Baadaye mtoto akaenda sekondari ya bweni Lugoba, huko akakuta tarumbeta ya shule, nayo akaikamata. Alipomaliza kidato cha sita alikuwa amekwisha kuamua. Anataka shahada ya muziki, na si ya kufundisha wala ya kurekodi. Anataka ya kupiga.

"Kumbe siku hizi mtu anasomea kupuliza?" mdogo wangu wa kike alimwuliza. "Na ukifeli je, unakatwa midomo?"

"Dada, mwambie huyu aninyamazie."

"Hebu mwache. Vyuo gani?"

Alikuwa amechagua viwili. Kimoja kiko Dar, asubuhi unaondoka na jioni umerudi. Hicho kinataka ala ambayo muziki wake umeandikwa kwa nota, naye angeingia kwa tarumbeta, na walimu wake wa Lugoba walikuwa na hakika atapita. Cha pili kiko bara, safari ya kutwa nzima ya basi, Chalinze unaipita mapema na bado hujaanza safari. Huko wanapokea ala yoyote, hata zumari, kama ala kuu ya mwanafunzi kwa miaka yote ya masomo. Ila kwenye usaili lazima upige wimbo uliorithi kwenu, uwaeleze umetoka wapi.

Mimi moyo wangu ulikuwa Dar. Nilisema hivyo. Karibu, akiugua namfuata. Na tarumbeta haina mgeni.

"Tarumbeta naijua," alisema. "Zumari ndiyo inayonijua mimi, dada."

"Nyimbo za harusi za Kaole si zipo? Wapigie hizo."

"Hizo anazo kila mtu, toka Pangani mpaka Kilwa. Wanataka wa kwetu." Akatazama chini. "Baba alitunga mmoja. Yule mzee wa Kaole haujui wote, anasema uani kwa bibi alikuwa anapiga ngoma tu, hakuwa akisikiliza. Anasema aliyebaki anayeujua ni wewe."

Mdogo wangu wa kike alikuwa anachambua mchele. Mkono wake ukasimama ndani ya ungo.

Sikumjibu siku ile, wala iliyofuata. Nilikuwa naona jambo waziwazi na sikulipenda. Kama nisingempa wimbo, angekwenda Dar na tarumbeta, angesoma, angefaulu, angekuwa mtu wa maana, na zumari ya baba ingeoza sandukuni. Kama ningempa, ningefungua mlango kwa mdomo wangu mwenyewe. Na mtoto yule hakunishinikiza. Alikuwa akija shambani kunisaidia kubeba mwani, anaufanyia kazi ukimya wake kama anavyofanyia kazi pumzi. Siku moja tu, tukiwa tunaanika, aliniuliza, "Dada, sauti ya mama ilikuwaje?"

Hakuwa na lolote la mama. Mimi nilikuwa na wimbo mzima na nimeukalia.

Siku ya maji makubwa, bahari ilipojitenga mbali kabisa, mashamba ya mwani yakabaki na maji machache tu, nilimwambia achukue zumari sandukuni anifuate. Nilitaka iwe mbali na nyumba. Mdogo wetu wa kike akaja naye, hakualikwa, ameshika kapu.

"Dada, ukianguka mimi sikubebi," alisema. "Tope lote hili na uzito wako huo."

"Hujaambiwa ubebe mtu."

"Nakwambia mapema."

Nilisimama kati ya kamba zangu, maji yakinifika magotini, nikamtazama kitinda mimba amekaza kwenye zumari kipulizio cha ukindu alichokikata mwenyewe, kisahani chake cha kifuu kimegusa midomo kama kilivyomgusa baba. Nikaanza kwa sauti ndogo. Sehemu ya kuita. Ilitoka yote, haikupotea hata kidogo, na sauti iliyoitoa sikuitambua mpaka nilipomwona mdogo wangu wa kike ameacha kapu limeelea. Ilikuwa sauti ya mama, na yeye alimkumbuka mama kuliko mwenzake.

Niliyumba. Huenda ni baridi ya maji, nilikuwa nimesimama muda mrefu. Nilishika kigingi.

"Amekuja?" kitinda mimba aliuliza.

"Nani?"

"Mgeni."

"Piga. Usiulize."

Akapiga. Nikamrekebisha, akapiga tena, akaweka mapambo ambayo sikuwa nimemwimbia na ambayo baba alikuwa akiyaweka palepale. Hapo ndipo nywele ziliponisimama, kuliko wakati wa kuimba. Kisha nikamfundisha ya kuaga. Hii ilinishinda mara kadhaa. Sehemu ya kuita nilikuwa nimeisikia siku ile ya mwisho, imekwaruza masikio yangu. Ya kuaga ilikuwa ya miaka ya nyuma, ya mama mzima anayeamka na kuuliza kama chakula kimeliwa. Nikaimaliza. Naye akaipiga, lakini kwa vipande, akisimama na kurudia, kama mwanafunzi. Maji yalianza kurudi, tukabeba mwani wetu.

"Huko kwenye usaili," nilimwambia njiani, "ukianza, umalize. Uite na uage. Umenisikia?"

"Nimesikia, dada."

"Sema tena."

"Nitaita na nitaaga."

Alikwenda Dar kwanza na tarumbeta ya kuazima, akarudi siku ileile anacheka. Kisha akaenda bara. Aliporudi, vumbi la safari bado liko kwenye viatu, nilimkaribisha maji na kabla hajanywa nikamwuliza swali moja tu.

"Uliaga?"

Akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Walinikatiza, dada. Walikuwa wamekaa nyuma ya meza, wananisikiliza vizuri, mmoja alikuwa amefumba macho. Nimemaliza kuita, ndiyo naanza kushuka, yule mkubwa wao akanyoosha mkono. Hivi." Akanyoosha wake juu, kiganja wazi. "Akasema inatosha, ahsante, tumeridhika. Mwenzangu aliyefuata alikuwa mlangoni na gitaa lake. Ningefanyaje?"

Mdogo wetu wa kike akamwambia anywe maji kwanza.

Simlaumu mwalimu yule. Yeye alikuwa anasikiliza wimbo, na kwa mtu anayesikiliza wimbo, nusu inatosha kujua mpigaji ni wa namna gani. Angejuaje kwamba alikuwa ananyoosha mkono wa bibi?

Siku chache baadaye nilirudi kutoka shambani alasiri, nikapitia nyuma ya nyumba. Mdogo wangu wa kike alikuwa ameketi baraza ya uani, miguu ameinyoosha, anamenya muhogo. Nilisimama. Naye akaniona nimesimama, akatazama alipokaa, kisu kikabaki hewani.

"Mimi hata sikuwaza," alisema polepole. "Nilitoka tu nikakaa. Dada, hapa pako wazi."

Nikakaa kando yake. Kivuli cha ukuta kilikuwa kwenye ngazi kama siku zote. Hapakuwa na mtu. Palikuwa ni saruji na maganda ya muhogo na kuku anayepekua. Nilidhani ningefurahi. Badala yake nilisikia kitu kama nilichokisikia siku tulipotoka makaburini. Nikamfikiria mgeni wa mama, mzoefu wa marashi na kahawa na watu wanaojua kumsalimu, ameitwa kwa wimbo wake mpaka kwenye chumba cha watu wa meza, bara, kwenye baridi, kisha mwitaji akaifunga zumari akaondoka, akaingia mwenye gitaa. Hakuna hata mmoja mle wa kumwambia karibu. Mgeni aliyetungojea miaka yote nilimwonea huruma kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

Majibu yalitoka pamoja. Dar wamemchukua kwa tarumbeta. Bara wamemchukua kwa zumari. Majirani wote walisema Dar, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri. Shangazi wa baba alituma salamu kutoka Pangani kwamba tusimtupe mtoto mbali na kwao. Kitinda mimba mwenyewe alikuja akachuchumaa mbele yangu, uani, kwenye baraza ileile.

"Dada, wewe ndiye mzee wangu. Sema, mimi nitakwenda utakakosema. Hata Dar nitakwenda kwa moyo mmoja."

Nilijua anasema kweli, na ndiyo maana ilinilazimu niwe mwangalifu. Dar angekuwa wangu kila mwisho wa wiki. Kule bara angekuwa wa watu wa huko. Na huko ndiko kulikokuwa na kitu chetu kimeachwa wazi.

"Mtu haitwi akaachwa mlangoni," nikamwambia. "Ulikwenda kuanza kitu kule. Rudi ukamalizie."

"Kwa ajili ya mgeni tu, dada? Au kwa ajili ya masomo?"

"Zumari ya baba yako wameikubali kuwa ala kuu. Unataka nikujibu nini zaidi?"

"Mjibu tu," mdogo wetu wa kike aliingilia, machozi yanamtoka huku anacheka. "Mwambie ni kwa ajili ya mgeni, yuko kwenye baridi huko."

Kitinda mimba akaondoka na sanduku la baba. Kanga ya mama nilimwachia humo, ndiyo kitambaa cha zumari.

Simu yake ilikuja alasiri, wiki yake ya kwanza. Alikuwa ameomba ufunguo wa chumba kile cha usaili ili afanye mazoezi. "Niko peke yangu," alisema. "Meza wameiondoa. Viti vimebaki. Naweka simu dirishani, msinikatize."

Mdogo wangu wa kike akaja kukaa karibu nami, tukaweka simu katikati yetu kwenye saruji. Akaanza kuita. Sikuhesabu vigingi. Niliuacha uingie, ukapanda mpaka pale, pale hasa ambapo mkono wa bibi ulinyooka, na mwili wangu wote ukajikaza ukingoja kimya.

Hakikuja. Zumari ikavuka, ikaanza kushuka, mfululizo, bila pumzi kusikika, na ilikuwa kama mtu anayesindikizwa taratibu, anapewa mkono na kila aliyepo, hakuna anayerukwa. Mdogo wangu wa kike aliniegemea. Nilimuaga mama. Sikujua kwamba ndilo nililokuwa nalisubiri mpaka midomo yangu iliposema kwaheri.

Ilipokwisha, simu ilibaki wazi. Huko dirishani kulikuwa na upepo wa bara. Kisha, kabla kitinda mimba hajasema neno, tukasikia kiti kinasogezwa sakafuni, kama anavyokisogeza mtu anayesimama ili aondoke.

Sikumwuliza kama ni yeye. Tulitandika mkeka, tukanywa chai uani.